Nyama ya Wanyonge Yapanda Bei

Mwaka 2024, tulipokuwa New York, tulikwenda kula chakula cha mchana na rafiki zetu wawili katika mkahawa wa Kiyahudi wa mtaa wa Lower East Side. Mmoja ni bibi mzee, ambaye mama yake alikuwa mshonaji kiwandani. Wa pili ni kijana, mpakiaji wa mizigo ghalani. Mlangoni kila mtu hupewa kikaratasi. Humo huandikwa bei ya alichochukua, naye hulipa atokapo.

Nyama yenyewe huitwa pastrami. Wayahudi waliotoka Rumania ndio walioileta Marekani katika karne ya 19. Walitumia nyama ya tumboni mwa ng'ombe, ngumu na yenye mafuta, kwa kuwa ilikuwa rahisi. Hulazwa siku nyingi katika maji ya chumvi, hupakwa pilipili manga, giligilani na kitunguu saumu, hufukizwa moshi, kisha huivishwa kwa mvuke hata ugumu wote ukaisha. Mkataji huikata kwa kisu, akaijaza katikati ya vipande viwili vya mkate wa rai uliopakwa haradali, na kando huweka matango ya achari. Ni tamu, tusiseme uongo. Msomaji Mwislamu atauliza habari ya kuchinja. Sheria ya Kiyahudi nayo hukataza nguruwe na damu, tena hukataza kuchanganya nyama na maziwa. Lakini si kila mkahawa wa namna hii huifuata, maana sisi tuliona jibini juu ya nyama.

Bibi alitueleza mtaa ulivyokuwa. Tangu miaka ya 1880 ulijaa Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki waliokimbia mateso na umaskini, wakashona nguo katika vyumba visivyo na hewa. Mwaka 1909 binti mmoja mshonaji, Clara Lemlich, alisimama mkutanoni akataka mgomo kwa lugha ya Kiyidi, na washonaji wapatao 20,000, wengi wao wanawake, wakaacha kazi. Tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha Triangle kiliungua. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na watu 146 wakafa. Chama cha wafanya kazi hakikuwa mchezo kwa watu hao.

Sisi watu wa gazeti la chama tuliumwa na jambo jingine. Gazeti la Forward, la kisoshalisti, lililoanza mwaka 1897, lilijenga ghorofa 10 mtaani humo, na sura za Marx na Engels zikachongwa juu ya mlango. Sura zingali pale. Jengo limegeuzwa nyumba za matajiri.

Hata mikahawa imepungua. Katika miaka ya 1930 ilikuwa zaidi ya elfu moja mjini. Iliyosalia ni michache, na bei zake si za mshonaji. Mkate mmoja wa pastrami ulipita dola 25. Kima cha chini cha mshahara mwaka huo kilikuwa dola 16 kwa saa. Basi mwenye kupokea kima hicho angefanya kazi zaidi ya saa moja na nusu kwa mlo mmoja! Hatumlaumu mwenye mkahawa. Nyama imepanda, na kodi ya nyumba imepanda pia.

Kijana aliusoma ubao wa bei, akasema ameshiba, atakunywa maji tu. Tulijua kwamba ametoka zamu ya usiku. Bibi hakubishana naye. Aliukata mkate wake katikati, akamsogezea nusu. "Kula, mwanangu. Mimi meno yangu yamechoka." Nasi tukaongeza kipande chetu. Alikula pole pole, macho yakiwa chini.

Tulipotoka, mlangoni walitaka karatasi zote, hata isiyoandikwa kitu. Kijana akaitoa yake mfukoni. Ilikuwa tupu, nayo ameikunja mara nne.