Lubumbashi: salongo inatoa matope ndani ya kanivo, lakini nani atayabeba?

Siku ya salongo, wakaaji wa kartie nyingi za Lubumbashi wanatoka na majembe. Wanaingia ndani ya kanivo, wanatoa mchanga, sashe na chupa za plastiki, na kuweka yote kando ya barabara. Kisha kila mtu anarudi kwake. Kamiyo ya kubeba matope isipofika, mvua ya kwanza inayarudisha pale yalipotoka, na maji yanaingia tena ndani ya nyumba.

Kutoa matope ni kazi ya mikono, na mikono iko. Kuyapeleka mbali, kutengeneza kanivo iliyovunjika na kupanua ile iliyo ndogo ni kazi ya makuta. Na makuta hayo yanapaswa kupitia kwa viongozi wa mji na wa komine.

Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na tangu hapo umepanuka sana. Avenyi nyingi hazina lami: kila mvua inasukuma mchanga ndani ya kanivo. Wengine wamejenga mahali maji yanapopita, kwa sababu kiwanja cha bondeni ni cha bei nafuu. Maji ya mji yanatafuta mito kama Lubumbashi na Naviundu, na kutoka huko yanaenda Kafubu. Njia ikizibwa mahali pamoja tu, wanaokaa juu ya hapo wanaogelea.

Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaupa mji na komine uwezo wa kujiongoza na kuwa na bajeti yao. Barabara na mifereji ya maji ni kati ya kazi zao. Serikali nayo iko na ofisi yake ya barabara za mijini na mifereji, OVD, yenye mafundi wa kazi hiyo. Ni milango mitatu, na mkaaji ambaye maji yamemwingilia usiku hajui agonge upi.

Makuta yanapaswa kutoka wapi? Katiba, kifungu cha 175, inayapa majimbo 40% ya mapato ya kitaifa. Sheria ya 2008 inasema 40% ya fungu hilo ni ya miji, komine, sekta na shefferi. Ni kusema, katika kila franka 100, franka 16 zingepaswa kufika chini. Lakini tangu miaka mingi majimbo yenyewe yanalalamika kwamba fungu lao halitimii na linachelewa. Kama jimbo halijapata, komine itapata nini?

Katika Katanga kuna mlango mwingine: kodi ya madini, redevansi. Kodi ya madini iliyobadilishwa mwezi wa tatu 2018 inagawanya redevansi hivi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa mji au komine ambamo mgodi unafanya kazi, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ruashi ina mgodi. Inaweza kupanga bajeti juu ya makuta hayo. Kenya na Kamalondo hazina mgodi, lakini mvua inanyesha kwao pia.

Hapa ndipo mpango unapovunjika. Makuta yanasimama kwenye mpaka wa komine, maji hayasimami. Komine ya juu ikijenga kanivo nzuri bila kolekta kubwa upande wa chini, haijaondoa mafuriko: imeyatuma haraka zaidi kwa jirani. Ndiyo maana kazi ya kolekta inaanzia chini, pale maji yanapotokea mtoni, na inapanda. Hakuna burgumesta anayeweza kuifanya peke yake. Inaomba bajeti ya mji na ya jimbo.

Kuna pia kalenda. Mwaka wa bajeti unaanza Januari, wakati mvua iko katikati. Siku nzuri za kuchimba ni za kiangazi, kutoka mwezi wa sita hadi wa tisa. Makuta yakifika Novemba, saruji inamwagwa ndani ya maji.

Misaada nayo haimalizi shida. Bukavu, Kalemie na Kindu zilikuwa kati ya miji iliyochaguliwa katika mradi wa maendeleo ya miji uliosaidiwa na Benki ya Dunia tangu 2013. Mradi unajenga na kuondoka. Kusafisha kunabaki kwa mji, kila mwaka.

Kitu kimoja kimebadilika. Tarehe 20 Desemba 2023, wakaaji wa komine za miji mikuu ya majimbo walichagua washauri wa komine kwa mara ya kwanza. Meya na burgumesta wangali wanawekwa na Rais, lakini baraza la komine ndilo linalopaswa kupiga kura juu ya bajeti. Mshauri anakaa kartie moja na waliomchagua, na maji yanamwingilia sawa nao. Anaweza kuulizwa maswali mawili mepesi: ndani ya bajeti ya mwaka huu, fungu la kusafisha kanivo ni franka ngapi? Na kamiyo ya kubeba matope itakuja siku gani?

Kama jibu halipatikani kabla ya kiangazi kuisha, mvua italitoa.