Fahamu: Kabla ya kuupulizia dawa mwembe mchanga, tazama umri wa jani

Majani ya mwembe mchanga yakigeuka rangi, wengi hukimbilia bomba la dawa. Haraka hiyo haina faida, kwani jani lenyewe hueleza mengi: tazama kwanza ni jipya au la zamani. Majani mapya yenye rangi ya shaba, yaliyolegea kama kitambaa, hayaumwi. Ndivyo mwembe unavyochipua. Yakitokwa na madoa meusi yasiyo na umbo maalumu msimu wa mvua, shuku chule, ugonjwa wa kuvu: kata yaliyoathirika, yachome, kisha pulizia dawa ya kopa kwa kipimo cha kwenye kibandiko. Lakini majani ya zamani yakikauka kuanzia nchani na kingoni, katikati yakibaki kijani, mara nyingi chanzo kiko ardhini: maji ya kisima yenye chumvi (pwani si jambo geni), mbolea iliyozidi au kiu.

Wapo watakaosema kupulizia kama kinga hakudhuru. Kinga ya chule ina maana mvua zinaponyesha na machipukizi yakiwa laini. Dawa hiyo haigusi chumvi iliyo kwenye mizizi. Chumvi husukumwa chini kwa maji mengi yasiyo na chumvi, katika udongo usiotuamisha. Jani lililoungua halirudi kuwa kijani, hivyo nafuu ipime kwa machipukizi yajayo.