Kutoka Geita Hadi Mwanza: Njia Ipi Inamfaa Msafiri?

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J.P. Magufuli, maarufu kama Kigongo–Busisi, tarehe 19 Juni 2025, safari ya Mwanza imebadilika sura. Kabla ya hapo wasafiri walitegemea vivuko vya MV Mwanza, MV Misungwi na MV Sengerema. Ukijumlisha foleni, kuvuka peke yake kuliweza kuchukua saa mbili au zaidi, na hata gari la wagonjwa lililazimika kungoja kivuko kirudi. Aliyekwepa maji alizunguka kwa Kahama na Shinyanga, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Sasa gari hupita juu ya daraja hilo la takriban kilomita 3 kwa dakika chache, usiku na mchana.

Hata hivyo, uchaguzi wa njia haujaisha. Msafiri bado anapaswa kujua anakwenda sehemu ipi ya Mwanza, amebeba nini na atapanda chombo gani.

Basi linalopita darajani hutoka Geita, likapita Sengerema, Busisi, Kigongo na Usagara, kisha huwashusha abiria Nyegezi. Stendi ya Nyegezi iko mbali na katikati ya jiji, hivyo nauli ya daladala au bodaboda lazima ihesabiwe tangu mwanzo. Kwa mfanyabiashara wa Katoro anayerudi na mizigo, njia hii haina mshindani: mzigo ukishapakiwa haushuki hadi mwisho wa safari. Inamfaa pia anayeendelea Shinyanga, Dodoma au Dar es Salaam, kwa sababu Usagara ndipo barabara hiyo inapokutana na ile ya Shinyanga.

Njia ya pili ni kukata kona Sengerema na kuvuka kwa kivuko cha Kamanga, ambacho huteremsha abiria katikati ya jiji. Mwenye shughuli mjini asiye na mizigo huona unafuu wake, hasa akiwa anaanzia Sengerema. Lakini kivuko hufuata ratiba, na anayekikosa hukaa ufukweni kusubiri kingine. Kwa mgonjwa wa dharura anayepelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, kusubiri huko hakufai, apitishwe darajani. Ndugu wa mgonjwa wamuulize pia daktari kabla ya kuondoka iwapo huduma inayohitajika inapatikana Hospitali ya Rufaa ya Kanda Chato, kwani hapo hakuna haja ya kuvuka ziwa kabisa.

Yapo pia magari madogo, maarufu kama michomoko. Huondoka mara yanapojaa, na humchukua mtu karibu na mlangoni kwake. Ndiyo maana yanapendwa. Tatizo ni namna yanavyojazwa: wanne nyuma, wawili kiti cha mbele, na wakati mwingine mtoto juu ya mapaja. Gari lisilo na leseni ya kubeba abiria kutoka Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) halitoi tiketi, na bima ya gari binafsi haikukatwa kwa ajili ya abiria wanaolipa nauli. Ajali ikitokea, majeruhi au familia yake hubaki bila karatasi ya kuthibitisha kwamba alikuwa abiria. Unafuu wa nusu saa haulingani na hasara hiyo. Anayepanda basi naye adai tiketi yenye jina lake, tarehe na namba ya gari, na aitunze hadi afike.

Kwa safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, ambayo zama za foleni za Busisi ilikuwa vigumu kuipanga, inafaa kuondoka alfajiri na kuuliza mapema, pale pale Nyegezi, basi la mwisho la kurudi Geita linaondoka saa ngapi. Mkazi wa Katoro, Nzera au Nkome ajue kuwa akifika Geita mjini bado ana kipande kingine cha safari, na nauli yake aitenge kabla hajaanza manunuzi.