Kereng'ende Mwembamba Hana Shida na Maua

Anayetaka vipepeo uani hupanda maua. Kereng'ende mwembamba, yule wa kiwiliwili kama njiti ya kiberiti, hana haja nayo. Ni mla nyama tangu anapoanguliwa, na sehemu kubwa ya maisha yake hatumwoni kwa sababu yuko chini ya maji. Mkazi wa Shinyanga au Geita anayemtaka aanze na maji, tena si maji matupu.

Kumtambua si kazi. Kereng'ende wanene wakitua hutandaza mabawa. Huyu kwa kawaida huyakunja mgongoni, na macho yake yametengana, moja huku, jingine kule. Aina mbili zimeenea karibu Afrika yote kusini mwa Sahara: Ischnura senegalensis, ambaye dume lake ni jeusi mgongoni na lina pete ya buluu karibu na ncha ya mkia, na Ceriagrion glabrum, mwenye mwili wa rangi ya chungwa na macho ya kijani.

Kinachovutia zaidi, kwangu mimi, ni tunutu wake, yaani kereng'ende mchanga wa majini. Mkiani ana majani matatu membamba ambayo ni mashavu ya kupumulia; samaki akimng'oa moja, huota jingine. Chini ya kichwa amekunja mdomo wenye kiwiko na vikoleo. Hukaa kimya kwenye shina la mmea, kiluwiluwi cha mbu kikikaribia mdomo hufyatuka mbele, hunasa na kurudi. Kufumba na kufumbua, kazi imekwisha.

Mayai nayo hayatagwi ovyo. Jike hutoboa shina laini kwa ncha ya mkia na kulipenyeza yai ndani, mara nyingi dume likiwa bado limemshika shingoni ili wengine wasimfikie. Bila mimea, basi, hakuna uzazi. Pipa lililokatwa nusu au karo kuukuu linatosha kuwa bwawa, likiwekwa juani. Tia mafunjo machache na yungiyungi, acha mashina yasimame juu ya maji ili tunutu apande na kuvua gamba lake la mwisho. Gugumaji usiliguse. Maji ya bomba yanayotoka Ziwa Victoria yana klorini; yaache wazi siku mbili kabla ya kutia mimea. Perege usimweke, kwani atawamaliza tunutu wote, na dawa ya kunyunyizia mchicha isifike hapo.

Jirani atauliza kuhusu mbu, na ana haki. Mbu hutoka kwenye yai hadi kuruka ndani ya wiki moja au mbili. Kereng'ende huhitaji muda mrefu zaidi. Kwa hiyo wiki za mwanzo ni za mbu. Hapo ndipo viuadudu vya kibayolojia vinavyotengenezwa Kibaha vinapofaa: bakteria wake huua viluwiluwi vya mbu na kuwaacha tunutu salama. Hata baadaye, tusimtwishe kereng'ende kazi ya chandarua. (Ingawa jina la Gillies, mtafiti wa mbu wa malaria, limebebwa tangu mwaka 1962 na kereng'ende mwembamba wa misitu ya Amani, Usambara Mashariki: Amanipodagrion gilliesi. Huyo anataka kijito cha msituni. Karo lako hatalitazama.)

Mimea ya kuanzia wengi wataichota lamboni. Vaa buti kwanza, maana kichocho Kanda ya Ziwa si hadithi, na suuza kila shina mpaka konokono wote watoke. Kwa upande wa Geita kuna tahadhari nyingine: usichote tope wala mimea kwenye maduara ya zamani ya wachimbaji yaliyojaa maji, au karibu na mialo ya kuchenjulia dhahabu. Zebaki ya kukamatia dhahabu ikifika kwenye tope, bakteria huibadilisha ikawa sumu inayoingia kwa wadudu wadogo na kupanda kwa wanaowala. Tunutu wa kereng'ende wanene huibeba vizuri kiasi kwamba hifadhi za taifa za Marekani huwakusanya ili kupima zebaki ya maziwa na mito yao.

Kinachobaki ni kiangazi. Kuanzia Juni malambo mengi ya Shinyanga hunywea, na bwawa lako likijazwa kila linapopungua, linaweza kuwa maji pekee ya mtaa mzima. Wapo hata hivyo kereng'ende wa jamii ya Lestes ambao hawasubiri majini. Huvuka kiangazi wakiwa wameshakua, wametulia kwenye nyasi kavu na vichaka mbali na maji, rangi yao imefifia kama ya majani yenyewe, na huzaa mvua zinaporudi. Wasukuma wenye ngitili, yaani malisho yaliyotengwa kwa ajili ya kiangazi, wanawahifadhi bila kukusudia. Mwenye uwanja mdogo asifyeke nyasi zote chini ya ua wa minyaa. Aache ukanda mmoja mpaka Novemba.