Marekani: Safari ya familia ndani ya mabasi ya shule iliyozaa kijiji na wakunga wake

Mwezi wa Oktoba 1970, msururu wa mabasi makuukuu ya shule uliondoka San Francisco, pwani ya magharibi ya Marekani, ukielekea mashariki. Ndani hakukuwa na wanafunzi. Viti vilikuwa vimeng'olewa, na mahali pake kukawekwa vitanda vya mbao, jiko, madumu ya maji na masanduku ya nguo. Waliopanda walikuwa vijana wenye nywele ndefu, wengi wao wanandoa, wengine wakiwa na watoto wadogo. Wanawake kadhaa walikuwa na mimba.

Safari hiyo iliitwa tu Msafara. Siku hizi familia nyingi za Marekani zinanunua basi la shule, zinaligeuza nyumba na kukaa barabarani miezi au miaka, na picha zao zinajaa kwenye simu zetu: vitanda vya ghorofa, mbwa mlangoni, mlima nyuma. Ni picha nzuri. Lakini anayetaka kujua maana ya kubeba watoto, wajawazito na jiko ndani ya chombo kimoja kwa maelfu ya kilometa, heri aanzie mwaka ule.

Kiongozi wa Msafara alikuwa Stephen Gaskin, askari wa zamani wa kikosi cha Marines aliyepigana vita ya Korea, kisha akafundisha San Francisco State College. Kila Jumatatu jioni aliendesha mkutano wa wazi juu ya dini, ndoa, vita na dawa za kulevya, na waliokuja kumsikiliza wakapita elfu moja. Wahubiri na walimu wa dini waliomsikia huko walimwalika azungumze katika makanisa na vyuo vyao, jimbo hadi jimbo. Gaskin alikubali, akatangaza kwamba mikutano ya Jumatatu inasimama kwa muda. Wasikilizaji wake hawakutaka kusubiri. Walinunua mabasi, wakamfuata.

Kwa nini basi la shule? Kwa sababu nchi ile inayo mengi, na shule huyauza injini ikiwa bado inafanya kazi. Mwili wake ni wa chuma, mbavu zake zimeunganishwa kwa nguvu ili hata likipinduka paa lisiwalalie watoto. Sakafu ni tambarare kutoka kwa dereva hadi mlango wa nyuma. Hata ile rangi ya njano ina historia: ilichaguliwa mwaka 1939 katika mkutano uliofanyika Columbia University, New York, kwa sababu maandishi meusi juu yake yanasomeka vizuri alfajiri, saa ambayo watoto husimama barabarani wakingoja.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Kinshasa, gari la mizigo aina ya Mercedes 207 lililotoka Ulaya ndilo lililogeuzwa basi: mafundi walitoboa madirisha kwenye bati, wakafunga mabenchi ya mbao, na wasafiri wenyewe wakalibatiza jina la « esprit de mort », yaani roho ya kifo. Huko chombo cha abiria kiligeuzwa nyumba. Huku chombo cha magunia kiligeuzwa cha abiria. Fundi wa pande zote mbili lakini anakutana na swali lilelile: ukishaondoa kilichowekwa na kiwanda, nani anajibu kuhusu usalama wa waliomo?

Msafara ulikua njiani. Kila mji uliongeza watu, hadi magari yakapita 60 na watu wakakaribia 300. Basi moja likiharibika, yote yalipunguza mwendo ama yalisimama. Makanika waliokuwamo walijifunza kazi wakiwa chini ya injini. Usiku mabasi yalipangwa mahali popote palipopatikana ruhusa: kwenye mbuga, uwanja wa kanisa, maegesho ya chuo. Polisi waliyaona kutoka mbali, na mara nyingi waliyasindikiza hadi mpaka wa jimbo linalofuata, labda kwa ukarimu, labda ili kuhakikisha yameondoka kweli.

Halafu mimba zikaanza kufika wakati wake.

Mtoto wa kwanza wa Msafara alizaliwa ndani ya basi, kwenye maegesho ya Northwestern University, karibu na Chicago, wakati Gaskin anazungumza na wanafunzi. Hakukuwa na daktari wala mkunga. Kati ya waliokuwapo alikuwa Ina May, mke wa Gaskin, mwanamke mwenye shahada ya lugha ya Kiingereza aliyewahi kufundisha Malaysia. Juu ya kuzalisha hakuwa amesomea lolote. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu mbaya: mtoto wake mwenyewe wa kwanza alivutwa kwa koleo hospitalini, naye aliona kwamba haikuwa lazima. Baada ya uzazi ule wa kwanza, wanawake wengine wa Msafara walianza kumwita.

Msomaji wa Goma, Bunia ama Uvira hahitaji kuelezwa maana ya mama kushikwa na uchungu njiani. Tofauti ni kwamba hawa waliichagua njia. Hospitali zilikuwapo kila mji. Wengi wao hawakuwa na pesa za kuzilipa, na zaidi ya hapo hawakupenda jinsi zilivyowatendea wazazi wa wakati huo, ambapo baba alifungiwa mlango na mama akapigwa sindano ya usingizi. Inawezekana kuwaelewa na bado kuona hatari waliyoibeba.

Walipofika jimbo la Rhode Island, daktari mmoja wa uzazi aliposikia kwamba kuna wajawazito ndani ya mabasi hakuwafukuza, hakuwapigia kelele. Alipanda, akakaa nao, akawafundisha mambo ya dharura: kumfanya mtoto apumue, kuzuia damu, kufunga kitovu kwa usafi, dalili ambazo ukiziona unakimbia hospitali. Aliwaachia na vifaa. Somo hilo la muda mfupi ndilo lililokuwa chuo cha kwanza cha uuguzi cha Ina May.

Somo halikuzuia kila kitu. Mwaka 1971, katika jimbo la Nebraska, Ina May alijifungua mwenyewe ndani ya basi kabla ya wakati. Mtoto hakufikisha siku moja. Katika hadithi zinazosimuliwa juu ya Msafara, tukio hili mara nyingi hupitwa kwa mstari mmoja, kati ya nyimbo na rangi za mabasi. Lakini yeye hakulificha, na wanaosoma maisha yake wanaona kwamba tangu hapo maneno yake juu ya uzazi wa nyumbani yanakuja pamoja na sharti: mkunga awe amefundishwa, na daktari awe karibu.

Ziara ya mihubiri iliisha mapema mwaka 1971, mabasi yakarudi San Francisco. Ndipo watu walipogundua kwamba hawawezi tena kutawanyika kila mtu na chumba chake cha kupanga. Walikuwa wamekuwa kijiji. Kilichokosekana ni ardhi tu. Huko California ardhi ilikuwa ghali. Wakakumbuka jimbo la Tennessee, ambako walipita na kupokelewa kwa heshima kuliko walivyotarajia. Waliwasha injini tena.

Karibu na mji mdogo wa Summertown, kusini mwa Nashville, walinunua zaidi ya ekari 1,000 za msitu na mashamba kwa dola 70 kila ekari. Majirani waliogopa. Ilikuwa miaka miwili tu tangu kundi la Charles Manson lifanye mauaji huko California, na mtu wa kijijini akiona watu 300 wenye nywele ndefu wakishuka kwenye mabasi alikuwa na haki ya kujiuliza. Hofu ilipungua polepole, kwa sababu wageni walikuwa wanauliza: namna ya kulima mtama, ya kuchimba kisima, ya kutengeneza trekta. Mkulima hapendi kubaki na hofu ya mtu anayemwomba ushauri.

Mabasi yaliegeshwa kati ya miti na kubaki nyumba kwa miaka. Mahali hapo pakaitwa The Farm, yaani Shamba. Waliweka pesa zote kwenye mfuko mmoja, walikula bila nyama, walilima soya. Haikuwa paradiso. Mwaka 1974 Gaskin mwenyewe aliingia gereza kwa sababu ya bangi iliyopatikana imelimwa humo. Kufika karibu 1980 wakaaji walipita elfu moja, nyumba hazikutosha, madeni yakapanda, na mwaka 1983 mfuko wa pamoja ukavunjwa: kila familia ijilipie. Wengi wakaondoka. Waliobaki ni mia kadhaa, na kijiji kipo hadi leo.

Wakunga wa mabasi ndio waliodumu kuliko yote. Daktari wa karibu na Summertown alikubali kuwasimamia, na wakaanza kuandika kila uzazi. Kitabu cha Ina May, *Spiritual Midwifery*, kilitoka mwaka 1975 na kuwafikisha wasomaji wa nchi nyingi. Katika maelfu ya uzazi waliousimamia tangu 1970, waliopelekwa kupasuliwa ni chini ya 2 kwa mia, jambo lililowafanya hata madaktari wasiowapenda wasome takwimu zao. Takwimu hizo zina maelezo yake, bila shaka: wanawake wenye hatari kubwa walielekezwa hospitali mapema.

Baada ya tetemeko la Februari 1976 huko Guatemala, watu wa The Farm walikwenda kujenga nyumba na mifumo ya maji. Ina May alijifunza huko namna ya kumsaidia mtoto ambaye kichwa kimetoka na mabega yamekwama: mama ageuzwe, apige magoti na kuegemea mikono. Mbinu hiyo ilikuwa ya wakunga wa kienyeji wa Guatemala. Leo vitabu vya udaktari vinaiita kwa jina la Gaskin, na yeye mwenyewe amekuwa akirudia kusema ilitoka kwa nani. Ndiyo desturi ya vitabu: wenye mbinu hawatajwi, aliyeifikisha chuoni ndiye anayebaki kwenye jina.

Familia za leo hazina kiongozi wala mahubiri. Zina kodi ya nyumba iliyopanda, kazi inayofanyika kwa kompyuta, na hamu ya kuwa na watoto mchana kutwa. Lakini wakiwa mbele ya basi tupu la mita 12 wanakutana na maswali ya kale. Kutu chini ya sakafu. Madirisha mengi yanayovuja. Paa la bati linalochoma mchana na kuganda usiku, hivyo kuta zote lazima zifunguliwe na kujazwa kizuia joto. Tangi la maji la lita 400 ni kilo 400, na likiwekwa upande mmoja basi zima linainama kwenye kona.

Kubwa zaidi ni viti. Mabasi mengi ya shule ya Marekani hayana mikanda. Kinachomlinda mwanafunzi ni vile viti virefu vyenye sponji, vilivyokaribiana kiasi kwamba mtoto akirushwa anapokelewa na mgongo wa kiti cha mbele. Familia ikiving'oa ili kuweka sebule, imeng'oa ulinzi wenyewe. Wanaojua kazi wanabakiza ama kununua viti vinavyotazama mbele, wanafunga mikanda kwenye chuma cha chini badala ya mbao, na jiko, friji na vitanda vinashikwa kwa bolti. Wasiojua wanaweka kochi la pembeni na mito. Kwenye picha, kochi ndilo linalopendeza.

Sheria nayo inasumbua. Katika majimbo mengi taa za kumulika na mkono wa « simama » lazima viondolewe, na mara nyingi rangi ya njano ibadilishwe. Karatasi zinageuzwa kutoka basi kwenda nyumba ya magurudumu, halafu inatafutwa kampuni ya bima itakayokubali, na nyingi hukataa kazi iliyofanywa nyuma ya nyumba. Shule ni rahisi kidogo: kufundisha watoto nyumbani kunaruhusiwa katika majimbo yote 50, ingawa kila moja lina masharti yake juu ya mitihani na ripoti.

Mazutu haihurumii mtu. Basi la namna hii hunywa lita 25 hadi 30 kwa kilometa 100. Toka San Francisco hadi New York ni karibu kilometa 4,700, maana yake lita 1,175 hadi 1,410 kwa kwenda tu. Ndiyo sababu wengi wanatembea kidogo na kusimama sana, hasa jangwani magharibi, kwenye ardhi ya serikali ambako kulala ni bure. Hapo kwa kawaida wanaruhusiwa siku 14. Siku ya 15 vyombo vinarudishwa kabatini, watoto wanafungwa mikanda, na injini inawashwa.