Kigiriki na Kilatini bado vina nafasi katika masomo ya udaktari

MGONJWA anapoambiwa na daktari kwamba ana saratani, ni nadra kwake kuwazia kaa wa baharini. Hata hivyo, hiyo ndiyo asili ya neno lenyewe. Kiswahili kililipokea kutoka kwa Kiarabu, ambamo maana yake ni kaa. Matabibu walioandika kwa Kiarabu nao walikuwa wakifasiri neno la Kigiriki, karkinos, yaani kaa, ambalo kwa Kilatini ni cancer. Galen, tabibu Mgiriki aliyezaliwa mwaka wa 129 Baada ya Kristo huko Pergamon, katika Uturuki ya leo, alieleza kwamba mishipa iliyotuna kuzunguka uvimbe wa titi hufanana na miguu ya mnyama huyo.

Safari ya neno hilo moja yaonyesha kwa nini baadhi ya vyuo vikuu duniani vingali vinawafunza wanafunzi Kigiriki na Kilatini sambamba na historia ya tiba. Istilahi nyingi za udaktari zilichotwa humo. Nephros ni figo, hepar ni ini, kardia ni moyo na haima ni damu. Anayeyajua haya hupata fununu ya maana ya ugonjwa hata kabla ya kufungua kitabu.

Kozi fupi ya istilahi, ingawa ina manufaa yake, ndiyo dhaifu zaidi. Mwanafunzi hupewa orodha ya mizizi na viambishi, akaikariri, akafanya mtihani, kisha akaisahau. Huambiwa, mathalani, kwamba kiambishi -itis ni uvimbe wa kiungo unaoambatana na joto na maumivu. Haambiwi kwamba kwa Wagiriki nephritis ulikuwa ugonjwa wowote wa figo, na kwamba maana ya sasa ilizuka karne nyingi baadaye. Akisoma maandishi ya kale kwa maana ya leo, atamsingizia mwandishi jambo ambalo hakulisema.

Ndiyo maana wahadhiri makini hupendelea kuwasomesha matini yenyewe, hata kama ni kurasa chache tu kwa muhula. Kiapo cha Hippocrates ni mfano mwafaka. Wengi huamini kwamba kiapo hicho ndicho chenye agizo maarufu la daktari kutodhuru kwanza. Agizo hilo halimo kwa umbo hilo. Wazo la kusaidia, au walau kutodhuru, limo katika kitabu kingine kinachohusishwa na Hippocrates, kiitwacho Epidemia. Kilichomo kiaponi ni miungu ya Kigiriki, wajibu wa kumtunza mwalimu kama mzazi, na marufuku kadhaa.

Mojawapo ya marufuku hizo ingali inazua ubishi. Kigiriki chasema kwamba daktari hatampa mwanamke pessos ya kuharibu mimba, yaani dawa inayotiwa ukeni. Wafasiri wengine wamelipanua neno hilo likawa katazo la kila njia ya kutoa mimba. Je, kilichokatazwa ni njia hiyo moja au tendo lenyewe? Wataalamu hawajaafikiana. Si suala la darasani pekee, kwani Mahakama ya Juu ya Marekani ilikijadili kiapo hicho mwaka wa 1973 katika kesi ya Roe dhidi ya Wade, ambayo uamuzi wake ulibatilishwa mwaka wa 2022.

Kunao watakaouliza faida ya kusoma tiba iliyokwisha kupitwa na wakati. Swali hilo ni la haki. Galen alipasua nyani na nguruwe, akadhani mwili wa binadamu uko vivyo hivyo, na makosa yake yakatawala hadi Vesalius alipochapisha kitabu chake cha anatomia mwaka wa 1543. Aliamini kwamba afya hutegemea mizani ya damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Kiswahili kingali na mabaki ya imani hiyo: balghamu ni neno la Kigiriki lililopitia Kiarabu, na safura, ugonjwa ambao leo twajua huletwa na minyoo, hutokana na jina la Kiarabu la nyongo ya manjano. Hakuna mhadhiri anayetaka madaktari warejee kuwatoa wagonjwa damu.

Hata hivyo, upo ushahidi ambao Mkenya yeyote aliyewahi kuugua malaria anapaswa kuujua. Mwanasayansi wa Uchina, Tu Youyou, alikuwa akitafuta dawa ya ugonjwa huo katika vitabu vya kale. Dondoo zake za mmea wa jamii ya pakanga zilikuwa zikifaulu leo na kushindwa kesho. Alirejelea maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya nne, akatambua kwamba yanaagiza mmea huo ulowekwe majini na kukamuliwa, bila kuchemshwa. Akashuku kwamba ni joto lililokuwa likiiharibu dawa, akatumia njia isiyo ya joto kali, na mnamo Oktoba 1971 akafaulu. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015. Dawa zilizotokana na ugunduzi huo ndizo Kenya ilianza kutumia hospitalini mwaka wa 2006 kama tiba ya kwanza ya malaria.

Barani Afrika, vyuo vikuu vya Ibadan nchini Nigeria na Legon nchini Ghana vina idara za taaluma hizi za kale. Nchini Malawi, Rais Kamuzu Banda, ambaye mwenyewe alikuwa daktari, alifungua mwaka wa 1981 shule ya Kamuzu Academy ambako Kilatini na Kigiriki vilifunzwa. Humu nchini, Kigiriki husomwa hasa na wanafunzi wa theolojia kwa ajili ya Agano Jipya.

Lakini Kigiriki pekee hakitoshi. Katika karne ya tisa huko Baghdad, Hunayn ibn Ishaq alikusanya nakala kadhaa za vitabu vya Galen, akazilinganisha, ndipo akafasiri. Sehemu ya mwisho ya kitabu kikuu cha Galen kuhusu upasuaji wa anatomia ilipotea kwa Kigiriki, ikasalia kwa Kiarabu tu. Mwanafunzi wa Lamu au Mombasa aliyeanza Kiarabu tangu madrasa bado atahitaji mwalimu wa kumfunza Kiarabu cha matabibu, lakini hatakuwa akianzia kwenye alfabeti.