Lami Pana Haiunganishi Mitaa

Kuunganika kwa barabara za mji hakupimwi kwa kilomita za lami wala kwa upana wake. Badala yake, idadi ya vipande vya barabara hugawanywa kwa idadi ya njia panda pamoja na miisho. Mitaa iliyopangwa kimraba yenye njia panda 100, kumi kwa kumi, ina vipande 180, yaani uwiano wa 1.8. Mitaa ya matawi, inayoishia ukutani, yenye njia panda na miisho 100, ina vipande 99 tu. Hapo hakuna njia ya pili: kalavati moja likizolewa na mvua, wote walio nyuma yake wamefungiwa.

Dar es Salaam ina sura zote mbili. Kariakoo, iliyopangwa enzi za ukoloni, mitaa hukatana. Dereva akikuta Mtaa wa Msimbazi umeziba, huchepuka. Mji ulipotambaa kufuata barabara za Morogoro, Bagamoyo, Pugu na Kilwa, mashamba yaliuzwa vipande vipande, na kila muuzaji aliacha upenyo wa kutokea barabarani, si wa kufika kwa jirani. Manzese, vichochoro hupitika kwa miguu. Gari la zimamoto halipiti.

Hata hivyo, kila foleni ikifunga huulizwa lile lile: kwa nini barabara kuu isipanuliwe? Kutoka njia nne hadi nane hakuongezi njia panda hata moja. Magari ya mitaa ya ndani bado hutokea mdomo ule ule. Anayekwenda mtaa wa tatu, uliozibwa na ukuta mmoja tu, hulazimika kuingia barabara kuu na kubanana na malori na mabasi ya mikoani. Tuta la katikati nalo hukata zaidi: duka lililo ng'ambo sasa hufikiwa kwa kwenda mbali kugeuza gari. Barabara ya juu, kama ile ya Tazara iliyofunguliwa 2018, huondoa mgongano kwenye makutano ilipojengwa. Haifungui mtaa wowote wa nyuma yake. Wala muda si dawa: kiwanja kilichokuwa wazi hujengwa, njia ya mkato huwekewa geti.

Yanayofaa yanajulikana. Barabara za mitaa zitengwe kabla viwanja havijauzwa. Vitalu viwe vifupi. Miisho iliyokaribiana itobolewe, na wenye nyumba walipwe fidia. Vivuko vidogo vijengwe mabondeni. Kuziba njia ya wote kukatazwe. Nafasi ya barabara ikishajengwa nyumba, hairudi ila kwa fidia na tingatinga.